Turbo haina hatia: jibu kwa anayetaka kununua Audi 200 quattro 20V

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimepata Audi 200 quattro 20V ya mwaka 1990, imelala gereji miaka sita. Mwenyewe aliiwasha mbele yangu, ikawaka mara moja. Lakini pedali ya breki ilikuwa ngumu kabisa mpaka injini ilipozunguka kwa muda, na alama nyekundu ya breki ikawa inawakawaka. Tulipoitoa barabarani, kipimo cha turbo hakikupita 1.3. Tulipozima kidogo ikiwa ya moto, ikakataa kuwaka hadi ilipopoa. Fundi wangu anasema turbo imekufa, nibadilishe turbo pamoja na kompyuta ya injini. Je, ninunue? Na nikinunua, nitaimudu?"

Ninunue? Ndiyo, kwa masharti nitakayoyataja. Turbo usiiguse kwanza, na kompyuta vilevile. Turbo iliyokufa ina lugha yake: moshi wa bluu ukikanyaga mafuta baada ya kuachia, mlio mkali kama wa king'ora unaopanda na mizunguko ya injini, oili nyingi ndani ya intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini), na shafti inayocheza hadi mapanga yakwangue nyumba yake. Katika maelezo yako sioni hata moja ya hizo. Ninachokiona ni gari la zaidi ya miaka thelathini ambalo mipira yake imekauka, presha ya haidroliki imepotea, na nyaya zake zimeungua polepole karibu na ekzosi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoyaondoa magari haya barabarani, na yote matatu huonekana kama ugonjwa wa turbo kwa fundi ambaye hajawahi kulifungua la namna hii.

Tuelewane kwanza ni gari gani. Audi 200 ilikuwa ngazi ya juu ya familia ya Audi 100 ya miaka ya 1980, na quattro maana yake injini inasukuma magurudumu yote manne. Toleo la 20V lilitengenezwa kati ya 1989 na 1991 tu, likiwa na injini yenye alama ya 3B: silinda tano, sentimita za ujazo 2,226, valvu nne kwa kila silinda, turbo ya kampuni ya KKK aina ya K24, nguvu farasi 220 na nguvu ya kuzungusha (torque) ya Nm 309. Injini hiyo imewekwa kwa urefu mbele ya ekseli ya mbele, na kwa kuwa ni ndefu, rejeta imesogezwa ubavuni mwake. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-2-4-5-3, na huko ndiko unakotoka ule mngurumo ambao wenye gari hili hawauchoki.

Muuzaji akikwambia kwamba hili ndilo lililoshinda Safari Rally, mpe nusu ya haki. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda Safari akiwa na Audi 200 quattro, na Walter Röhrl akamfuata wa pili na gari kama hilo. Lakini yale yalikuwa ya valvu kumi. La valvu ishirini halikuwa limeingia sokoni. Usilipie historia ya ndugu yake.

Sasa breki, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Magari mengi husaidia mguu wako kwenye breki kwa uvutaji wa hewa wa injini. Hili halifanyi hivyo. Pampu moja inayozungushwa na mkanda wa injini inasukuma mafuta ya haidroliki kwenye stelingi na pia kwenye kisaidizi cha breki. Kati ya pampu na breki kuna tufe la chuma ambalo ndani yake lina utando wa mpira: upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta. Kazi ya tufe hilo ni kuweka akiba ya presha, ili injini ikizima ghafla bado uwe na breki laini za kutosha kusimamisha gari. Gesi huvuja taratibu kwa miaka, na tufe likibaki bila gesi, akiba haipo tena.

Kulipima hakuhitaji chombo chochote. Washa injini, iache izunguke dakika moja au mbili, kisha izime. Kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, achia, kanyaga tena, huku ukihesabu. Tufe zima litakupa mikanyago laini kumi na zaidi kabla pedali haijawa ngumu. Pedali ikigoma mara ya pili au ya tatu, tufe limekwisha. Ikiwa mikanyago ni mingi mara tu baada ya kuzima, lakini kesho yake asubuhi hakuna kitu, basi tufe ni zima na presha inavujia mahali pengine, mara nyingi ndani ya kisaidizi chenyewe au kwenye valvu ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma. Tofauti hiyo ina uzito mfukoni, maana kisaidizi ni kigumu zaidi kupatikana kuliko tufe.

Kwa maelezo yako nadhani ni tufe. Lakini zingatia kwamba gari hilohilo linakataa kuwaka likiwa la moto. Kinachokataza kuwaka kinaweza pia kuzima injini ukiwa unateremka mlima. Injini ikizima, pampu imesimama. Pampu ikisimama na tufe halina akiba, unabaki na stelingi nzito na breki zinazohitaji miguu miwili. Kila hitilafu peke yake ni kero tu, zikikutana zinaua. Kwa hiyo usiliendeshe tena hata kwa majaribio mpaka moja kati ya hizo iondoke.

Mambo mawili kuhusu mafuta hayo ya haidroliki, kwa kuwa watu huharibu hapa bila kujua. Ni mafuta maalumu ya rangi ya kijani, yanayotokana na madini. Usiyachanganye na mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki wala na mafuta ya kawaida ya breki. Sili zitavimba au zitaliwa, na utajikuta unabadilisha pampu, raki ya stelingi na kisaidizi kwa pamoja. Ukikuta chupa ya haidroliki ina kitu chekundu au cha kahawia, punguza bei sana au uondoke. La pili: kabla fundi hajafungua bomba lolote la mfumo huo, injini ikiwa imezimwa, akanyage breki mara ishirini na zaidi mpaka presha yote iishe. Mafuta yanayotoka kwa presha ile hupenya ngozi.

Tuje kwenye kukataa kuwaka likiwa la moto. Nyuma ya injini, pale inapoungana na giaboksi, kuna sensa mbili zinazosoma flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini: moja inahesabu meno yake, nyingine inasubiri alama moja tu ili kompyuta ijue pistoni ziko wapi. Ziko jirani na joto la ekzosi, na plastiki ya nyaya zake hugeuka kuwa ganda linalovunjika ukilishika. Zikipata moto, mkondo hukatika au nyaya hugusana. Zikipoa, kila kitu kinarudi kama kawaida. Ndiyo maana fundi akilipima asubuhi haoni kosa. Lipimwe likiwa limegoma. Fundi achomoe plagi ya sensa ya mizunguko na kuipima kwa mita. Inapaswa kuwa karibu na omu 1,000. Ikionyesha mkondo umekatika, au namba inarukaruka waya ukitikiswa, umempata mwizi. Badilisha zote mbili kwa mara moja, kwa sababu kazi kubwa ni kuzifikia.

Je, inaweza kuwa mafuta ya petroli badala ya sensa? Inaweza. Ila mafuta yana tabia tofauti: utazungusha starta kwa muda mrefu, kisha injini itawaka kwa kukohoa na kunuka petroli, kwa sababu presha ilipotea kwenye bomba wakati wa kusimama. Sensa iliyokufa haikohoi. Injini inazunguka tu bila hata dalili ya kutaka kuwaka.

Sasa hiyo 1.3 iliyomfanya fundi wako aihukumu turbo. Kipimo cha gari hili kinasoma presha kamili, pamoja na ile ya hewa inayotuzunguka sote. Ukifungua swichi bila kuwasha injini kitaonyesha karibu bar 1.0. Kwa hiyo 1.3 maana yake turbo inaongeza 0.3 tu, na hiyo mara nyingi ni kazi ya springi peke yake ndani ya valvu inayopunguza presha ya turbo. Injini nzima hupanda kupita 1.5 bila kusitasita. Ninachosoma mimi hapo ni kwamba turbo inazunguka na inasukuma, lakini kompyuta imekataa kuiruhusu ipande. Swali ni kwa nini imekataa, na sababu nyingi ni za bei ndogo.

Anza na petroli. Petroli iliyolala miaka sita imepoteza okteni yake, na injini hii ina sensa mbili zinazosikiliza kugonga kwa pistoni. Zikisikia kugonga, kompyuta inarudisha nyuma taimingi na kubana turbo. Inawezekana kabisa kwamba gari linajilinda vizuri na sisi tunaliita bovu. Tangi litolewe mafuta yote, chujio libadilishwe, na liwekwe petroli yenye okteni ya juu kabisa unayoweza kupata. Hozi za petroli zilizo karibu na injini nazo zibadilishwe, maana zikipasuka juu ya ekzosi ya turbo hutakuwa na gari la kuzungumzia.

Baada ya hapo ni hewa inayovuja. Injini inapima hewa inayoingia kwa waya wa moto ulio baada ya chujio. Hewa yoyote inayoingia au kutoka baada ya hapo inaichanganya hesabu. Mipira mikubwa yenye mikunjo kati ya turbo na intakula hupasuka ndani ya mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uikunje kwa mkono. Sili za injekta hukauka. Hozi ya kupumulia oili chini ya manifoldi ya hewa huoza, na hata kifuniko cha oili kisichobana kinatosha kuharibu usingizi wa injini, yaani inavyozunguka bila kukanyagwa mafuta. Kuna pia hozi moja nyembamba, ya bei ya kucheka, inayotoka kwenye manifoldi hadi kwenye kompyuta. Kompyuta hupima presha ya turbo kupitia hapo. Ikiwa na ufa, kompyuta haiamini inachokiona na inabana kila kitu. Nimeona watu wakinunua turbo mpya kwa sababu ya hozi hiyo. Usibahatishe: fundi azibe njia ya hewa upande wa chujio, aingize hewa ya kompresa kwa presha ndogo, nusu ya bar inatosha, apake maji ya sabuni na asikilize.

Mwisho ni ile valvu ya kupunguza presha. Kwenye injini hii haijashikana na turbo, imefungwa peke yake kwenye manifoldi ya ekzosi, na ndani yake kuna utando unaopikwa na joto hadi unachanika. Kagua pia valvu ndogo ya umeme inayoiongoza. Kabla ya yote hayo, mwambie fundi asome misimbo ya hitilafu. Gari hili linaweza kuitoa kwa kuwasha na kuzima taa, bila kompyuta ya kisasa, na ni ajabu jinsi watu wanavyobadilisha vipuri kabla ya kuliuliza gari lenyewe.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwangu lina nafasi ya kwanza: mkanda wa taimingi. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba ni wa zamani, na usiiwashe injini tena. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na silinda hedi ya valvu ishirini si kitu unachookota sokoni. Mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, hivyo vyote viwili na roli yake vibadilishwe pamoja. Onyo kwa fundi: bolti ya puli ya krankshafti inakazwa kwa Nm 450, na kuna mkono maalumu wa kuikazia. Asiyekuwa na vifaa hivyo atafungua kwa nyundo na kufunga kwa kukisia, na bolti hiyo ikilegea inakula ncha ya krankshafti. Muulize kabla hujampa kazi.

Breki za mbele nazo zina mchezo wake. Kalipa zake zimekaa ndani ya diski, zikiibana kutoka upande wa katikati badala ya ukingo wa nje. Kihandisi ni wazo zuri, diski inakuwa kubwa ndani ya rimu ya inchi 15. Lakini ni magari machache sana yaliyotumia mtindo huo, Audi V8 likiwamo, na diski zake sasa ni adimu na ghali. Chanzo cha kutetemeka ni wembamba: diski hupinda, stelingi ikatikisika ukifunga breki. Wamiliki wengi wamehamia kalipa za kawaida za pistoni mbili. Mimi sioni aibu katika hilo kwa gari la kuendeshwa. Ila kama unalipata likiwa na za kiwandani, zihifadhi hata ukizitoa. Atakayelinunua baadaye atazitaka.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, la kumudu. Hesabu yangu haianzi na gari ni zee kiasi gani. Inaanza na kipuri kipi ni cha 20V peke yake. Milango, vioo, bushi nyingi, sehemu kubwa ya ndani na ya chini ni za familia nzima ya Audi 100 na 200, na zinapatikana kwenye magari yaliyochakaa. Bloku ya injini ni ndugu wa ile iliyokuja kwenye Audi za kasi zilizofuata, S4 ya 1991 na RS2 ya 1994, kwa hiyo ndani ya injini hutakosa msaada. Kinachouma ni vile vyenye ndugu wachache: mabawa ya mbele yaliyotanuliwa juu ya matairi, manifoldi ya ekzosi, kisaidizi cha breki, kipima hewa. Hivyo ndivyo vya kukagua kabla ya kulipa. Manifoldi isikilize asubuhi injini ikiwa baridi: ukisikia tik-tik inayopotea ikipata moto, kuna ufa au stadi imekatika. Mabawa yakiwa yamepinda, tafuta mengine kabla ya kununua gari. Idara ya magari ya kale ya kampuni yenyewe, Audi Tradition, hutoa baadhi ya vipuri, lakini usitegemee kwamba kile unachokihitaji ndicho kilichopo.

Bodi ni habari njema. Chuma chake kilipakwa zinki kiwandani, kwa hiyo kutu ukiikuta, uliza ajali. Ondoa majani kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Ukiziba, maji huingia ndani ya gari. Giaboksi na difu ni ngumu kuua: weka oili mpya, matairi manne ya kipimo kimoja, endelea na maisha.

Ukishalisimamisha, matunzo ni ya mtu mwenye kawaida nzuri. Oili nzuri ya sintetiki na chujio kila kilomita 7,500 au kila mwaka, lolote litangulie. Gari linalotembea kidogo linahitaji mwaka kuliko kilomita. Usikanyage turbo kabla oili haijapata moto, na joto la oili huchelewa nyuma ya joto la maji. Ukitoka mwendo mkali, tembea taratibu dakika mbili za mwisho. Kuna pampu ndogo ya umeme inayoendelea kuzungusha maji baada ya kuzima ili turbo isichemke. Sikiliza kama bado inafanya kazi. Na usiliache lilale tena. Gari hili likiendeshwa nusu saa kila wiki mbili lina gharama ndogo kuliko likihifadhiwa chini ya turubai.

Utashawishiwa uweke vipuri vya RS2 na programu mpya ya kompyuta ili upate nguvu farasi mia tatu. Injini itabeba. Lakini fanya hivyo baada ya mwaka mzima bila kuvuja, bila kugoma, na breki zikiwa zimemalizwa. Anayeongeza presha kwenye mipira ya mwaka 1990 anatafuta tu mahali itakapopasukia.

Kuhusu bei, mwambie muuzaji wazi kwamba unanunua gari lisilotembea. Toa gharama ya tufe, sensa mbili, mkanda na pampu ya maji, mipira yote ya hewa, hozi za petroli na matairi, hata kama matairi yana meno. Angalia tarakimu nne ubavuni, mbili za mwisho ni mwaka wake. Kama diski za mbele zimepinda, toa na hizo. Akikubali, chukua. Akisema gari halina tatizo ila turbo tu, na mkanda una karatasi yake, mwombe akuruhusu kulipima likiwa la moto, mkiwa mmesimama palepale gereji. Akikataa hilo, achana nalo.

Na siku ya kulichukua, libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa yamepanda. Difu ya katikati ni ya Torsen na inaunganisha mbele na nyuma muda wote. Ukilivuta magurudumu mawili yakiwa hewani, utakuwa umejiongezea kazi ambayo haikuwamo kwenye orodha.